Fundi Aliyelewa Furaha

Jumatano hiyo fundi aliingia gereji akiwa na buti mguu wa kulia na kandambili mguu wa kushoto, na habari hana. Alikuwa akipiga mluzi. Alimsalimia muuza vocha wa nje ya geti mara mbili, akamkuta paka amelala juu ya boneti ya gari la mteja, akamwambia paka, "Shikamoo."

Watu walimwita Jeki. Jina hilo alilipata ujanani, siku alipoinua gari dogo kwa mgongo ili wenzake wachomoe tairi lililozama mtaroni. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mgongo wenyewe ukimlalamikia kila asubuhi, lakini jina halikuzeeka.

Dada yake, aliyemzidi miaka tisa na ndiye mwenye gereji, alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari bovu alichokifungia miguu ya mbao kikawa kiti cha ofisi. Alimtazama mdogo wake kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akaishia miguuni.

"Leo umekuja na miguu ya watu wawili?"

Jeki akatazama chini. Akacheka. Akaangalia tena, akacheka zaidi, mpaka akashika nguzo.

"Kuna nini?" Dada akauliza.

"Hakuna kitu, Dada."

"Hakuna kitu ndicho kinachokuchekesha hivyo?"

"Ndiyo," alisema Jeki, akapita haraka kabla mdomo haujamtoroka.

Maana kitu kilikuwepo, tena kikubwa. Saa moja kabla, mezani kwake, mke wake alikuwa amesogeza vikombe vya chai pembeni akaweka karatasi ya zahanati. Mke huyo alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo, asiyesema "karibu mita mbili" kama anaweza kusema mita moja na sentimita tisini na sita. Jeki hakuwa na miwani.

"Inasema nini?"

"Inasema tuko watatu."

Miaka kumi na minne ya ndoa. Jeki alisimama, akakaa, akasimama tena, goti likagonga meza, chai ikamwagikia karatasi, na wote wawili wakaivamia kwa kitambaa kana kwamba ni mtoto mwenyewe anayelowa. Kisha wakacheka wameshikana mikono juu ya ile karatasi yenye madoa.

Mke ndiye aliyenyamaza kwanza. "Usimwambie mtu."

"Mimi?"

"Wewe. Nakujua, mdomo wako hauna breki."

"Hata Dada?"

"Hasa Dada. Mara mbili tulitangaza, na mara mbili tukapokea pole. Watu walijaa humu ndani, kila mmoja na sufuria, kama vile mimi nina njaa. Safari hii naomba wiki nne tu, mpaka daktari anione tena. Baada ya hapo panda juu ya bati ukatangaze na tarumbeta."

"Ahadi ni deni, mke wangu."

"Sitaki methali. Sema: sitasema."

"Sitasema," alisema Jeki, akavaa viatu alivyovaa, akatoka.

*

Basi dogo la shule lilifika saa tatu kasorobo. Dereva wake, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, alishuka akiwa amekunja uso. "Pedeli ya breki inazama, bwana Jeki. Nakanyaga, inaenda tu kama mguu kwenye tope. Na saa tisa alasiri natakiwa kuwa nimerudi kuchukua watoto."

Jeki alimkumbatia.

Si kwa mkono mmoja, kama wanaume wafanyavyo. Alimkumbatia kwa mikono miwili, na grisi yake yote. "Watoto hawajambo?"

"Watoto gani?"

"Wa shule! Wote!"

"Hawajambo," alisema dereva kwa tahadhari. "Isipokuwa mmoja, jana alitapika kwenye kiti."

"Alitapika," alisema Jeki, macho yakimjaa maji. "Jambo jema sana."

Dereva alimtazama Dada. Dada aliinuka kitini, akamwendea mdogo wake, akasimama naye uso kwa uso mbele ya dereva, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri gari lao. "Hebu pumua."

"Dada, watu wanatuona."

"Na waone. Pumua."

Jeki akapumua. Dada akanusa, akafikiri, akanusa tena. "Dawa ya meno," alitangaza, na akaonekana kuwa na wasiwasi zaidi kuliko mwanzo. Wateja wakacheka. Jeki naye akacheka, maana asubuhi ile ungemmwagia maji ya betri angekushukuru.

Aliyekuwa hacheki ni Kimya. Huyu alikuwa fundi umeme wa gereji ile kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo wateja wengine walidhani ni bubu. Alikuwa akizungumza kwa kichwa: kukubali, kukataa, na namna ya kukiinamisha upande iliyomaanisha "gari lako nilikuonya mwaka jana." Nusu saa baadaye Jeki alipoweka mkono kwenye kifuniko cha rejeta ya gari lililokuwa limezimwa dakika mbili tu, Kimya ndiye aliyemdaka kifundo cha mkono. Maji ya ndani yalikuwa bado yanatokota. Kifuniko kingefunguka, uso wa Jeki ungeungua papo hapo.

"Moto," alisema Kimya.

"Ah! Kweli. Asante, ndugu yangu."

Kimya hakuuachia mkono upesi. Alimtazama usoni, kisha akainamisha kichwa upande. Jeki akamkonyeza.

Baadaye kidogo Jeki aliwasha pikapu ya muuza mbao bila kuangalia kama iko kwenye gia. Ilikuwa kwenye gia. Ikaruka mbele kama mbuzi, ikalisukuma pipa la mafuta machafu, pipa likabingirika uani likimwaga utepe mweusi mpaka getini. Hapakuwa na mtu mbele. Dada alifoka, Jeki akaomba radhi, akaleta vumbi la mbao akafunika mafuta huku akiimba. Ndipo kazi ya basi ikaanza, kwa sababu saa zilikuwa zinakimbia, na dereva alikuwa anatembea huku na huko akitazama simu.

*

Tatizo la basi halikuwa gumu. Kiungo cha bomba la breki upande wa nyuma kilikuwa kinavuja, na hewa ilikuwa imeingia kwenye mafuta ya breki. Kiungo kikabadilishwa. Ilibaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili: mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo, upepo unatoka na mafuta, nati inafungwa, wanarudia.

Jeki aliinua sehemu ya nyuma kwa jeki ya mafuta, akatoa tairi. Akaweka vibao vya kuzuia magurudumu ya mbele yasiserereke, hilo alilikumbuka. Halafu akapanda kwenye usukani. Kimya, aliyekuwa akimalizia waya za taa upande wa pili, alikuja na boksi lake lililokunjuliwa, akalitandika sakafuni, akalala chali, akajisogeza chini ya basi mpaka kifua chake kikawa chini ya ekseli. Hakuangalia. Kwa miaka kumi na mmoja aliyeinua gari alikuwa ni Jeki, na kwa miaka kumi na mmoja Jeki alikuwa hajawahi kuinua gari bila kuweka stendi za chuma chini yake.

"Kanyaga," ilisema sauti ya Kimya kutoka chini. Katika kazi hii alilazimika kutumia maneno matatu.

Jeki akakanyaga.

"Shikilia. Achia."

Kanyaga, shikilia, achia. Jeki alianza kuyasikia kama wimbo. Kichwani alikuwa mbali: akifikiria kama mtoto atakuwa na masikio ya mama yake, au, Mungu apishe mbali, yake yeye; kama kitanda kitatosha karibu na cherehani; kama mtoto wa siku ya kwanza ana kucha. Kanyaga, akakanyaga na kuimba. Shikilia, akashikilia, mabega yakicheza. Achia, akaachia na kuruka kidogo kitini, na kila aliporuka, basi zima lilitikisika juu ya ile jeki moja, ambayo mpira wake wa ndani ulikuwa mzee na ulianza kuachia mafuta tone kwa tone.

Dada alikuwa anatoka ofisini na kikombe cha chai. Alimwona mdogo wake akicheza kwenye usukani, akatabasamu bila kupenda. Kisha macho yake yakaenda ukutani. Stendi mbili za chuma zilikuwa zimesimama pale pale, kavu, na vumbi lake.

Hakupiga kelele. Baadaye alisema alihofia Kimya angestuka akainua kichwa. Kikombe kilianguka chenyewe. Yeye alishafika, akaishika miguu ya Kimya kwenye vifundo, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, nao haukuwa mdogo. Boksi likateleza kwenye sakafu yenye grisi, Kimya akatoka kama mkate unaochomolewa kwenye oveni, na Dada akaanguka kwa makalio akiwa bado ameishika ile miguu.

Basi likakaa chini.

Kishindo chake kilizima kelele zote za mtaa. Ngoma ya breki ilipiga sakafu ikapasua saruji, jeki ikatupwa pembeni, na mahali palipokuwa na kifua cha Kimya pakawa na nafasi ya kupitisha kiganja kilicholala, si zaidi.

Jeki alishuka kwenye usukani. Alimwona Kimya amekaa juu ya boksi, mzima, mikono miwili na miguu miwili, akiutazama ule upenyo.

Aliyesema ni Kimya.

"Mama yangu alinikataza kazi hii," alisema. "Alinikataza kwa machozi. Alisema, mwanangu, kuwa kinyozi, nani amewahi kuangukiwa na nywele? Sikumsikia. Miaka kumi na mmoja nakunywa chai yenye vijiko vitatu vya sukari humu ndani, na mimi sipendi sukari, sijawahi kupenda sukari, nani aliniuliza? Redio inakaa upande wenu. Bati linavuja juu ya sanduku langu la zana, langu peke yangu, kana kwamba mvua imetumwa. Koleo langu jekundu uliazima kabla hujaota mvi, Jeki. Mnaniita Kimya. Mimi si kimya! Nyinyi ndio mnaoongea sana, nafasi naipata wapi?"

Aliendelea hivyo, bila kupumzika, dakika kumi nzima. Aliwataja wateja, akazitaja nyaya walizounga wenyewe kwa gundi ya karatasi, akamtaja paka. Watu walianza kukusanyika getini. Dada alikuwa bado amekaa sakafuni, mdomo wazi.

"Kumbe anaongea," alinong'ona.

"Tena kwa ufasaha," alijibu dereva.

Na Dada akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayetokwa na hofu, nacho kilimwambukiza dereva, kikawaambukiza wateja, kikamfikia hata Kimya katikati ya sentensi kuhusu fyuzi. Walicheka huku wakifuta machozi. Jeki peke yake hakucheka. Kwa mara ya kwanza siku ile, hakucheka.

"Nimemaliza," alisema Kimya, akajipangusa uso. "Sasa wewe. Nini kilikuwa kichwani mwako wakati mimi niko chini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Nimeahidi."

"Ni kamari?" akauliza Dada. "Ni mwanamke? Unakunywa kitu kisichonuka?"

"Hapana, Dada. Nilikuwa... nilikuwa na furaha tu."

"Furaha ya nini?"

Jeki akatikisa kichwa. Dada alinyoosha mkono. "Lete spana zako." Mbele ya watu wote, mbele ya wateja aliowahudumia tangu wakiwa na baiskeli, Jeki akatoa spana mfukoni moja moja, namba kumi, namba kumi na tatu, namba kumi na saba, akazilaza kwenye kiganja cha dada yake kama mwanafunzi anayenyang'anywa pipi.

"Mimi nilikuwa nimelala chini yake," alisema Kimya kwa upole, na upole ule ulimchoma Jeki kuliko makelele. "Siri yako ilitaka kunilalia mimi, si wewe. Nadhani nina haki ya kuijua."

Jeki aliinamisha kichwa. "Nipeni robo saa," alisema. Akatoka mbio, buti likigonga, kandambili ikipigapiga.

*

Duka la mke wake lilikuwa mtaa wa pili. Alikuwa anampima mama mmoja mkono wa gauni, pini nne mdomoni.

"Nilitaka kumuua Kimya," alisema Jeki.

Pini zote nne zikaanguka. Mteja akachukua mkoba wake akasema atarudi.

Jeki alimweleza mke wake kila kitu: paka, rejeta, pikapu, nyimbo, stendi zilizobaki ukutani. Hakujitetea. Mke alisikiliza akiwa ameshika kingo za meza ya cherehani.

"Ni kwa sababu yangu? Kwa sababu nilikufunga mdomo?"

"Hapana. Wewe ulinipa habari njema. Stendi ni kazi yangu."

"Ni kweli," alisema mke. "Nilikuambia ufunge mdomo. Sikukuambia ufunge macho." Machozi yakamtoka. "Ungemletea mtoto baba aliye jela. Na yule mwenzako ana mama."

"Ana mama. Leo ametuambia habari zake zote."

"Nani?"

"Kimya."

"Kimya ameongea?" Pamoja na machozi yake, mke alianza kutabasamu. Alifunga cherehani, akachukua ufunguo. "Twende. Wananidai neno, nami nitalisema mwenyewe. Nikikuachia wewe utaanza kumwambia paka."

Walifika wameshikana mikono, mke na utepe wa kupimia shingoni. Watu wa getini wakampisha. Alisimama mbele ya Dada, akamtazama Kimya, akarudisha macho kwa Dada.

"Wifi," alisema, "nina mimba."

Dada aliitupa mikono juu na spana zote zikaruka. Kigelegele alichopiga kilimfukuza paka mpaka mtaa wa pili. Alimkumbatia wifi yake, akamwachia kwa kuogopa kumbana, akamkumbatia tena kwa vidole tu. Kimya alikaa, akasimama, akasema, "Sasa nimeelewa," halafu akalia waziwazi kama mtoto. Dereva alikimbilia kwenye basi akapiga honi, honi, honi. Wateja ambao hawakumjua mtu yeyote pale walipeana mikono. Kimya akanyakua jeki kutoka sakafuni, akapiga kelele, "Twendeni tulimalize basi! Leo nina nguvu za watu kumi!"

"Simama hapo!"

Ilikuwa ni sauti ya Dada, na ilimsimamisha kila mtu. Alikuwa ametoa mikono kwa wifi yake na sasa alikuwa akitazama gereji yake: pipa lililolala, saruji iliyopasuka, Kimya ameinua jeki kichwani kama kombe la ushindi.

"Asubuhi tulikuwa na mlevi mmoja," alisema. "Sasa tuko watano. Hakuna anayegusa chombo leo."

Akazunguka gari hadi gari, akachomoa funguo, akazikusanya kwenye mfuko wa gauni. Akazima swichi kubwa ya umeme. Kisha akawarudia, na alichosema hakuwa amekipanga. "Niliona ile kandambili. Niliiona asubuhi nikatania. Nikaona rejeta, nikaona pikapu, nikafoka, nikaendelea na chai. Mtu akija na akili pungufu, awe na msiba awe na sherehe, mwenye gereji ndiye wa kumwambia kaa. Sikusema. Kimya, nisamehe."

"Ndiyo hivyo, mama, ajali haina kinga," alisema dereva kwa nia ya kumfariji.

"Ajali haina kinga, lakini jeki ina stendi," alijibu Dada. "Zimesimama ukutani pale. Usinifariji."

Dereva akanywea. Kisha akakumbuka. "Na watoto wangu je? Saa tisa?"

*

Mwalimu Mkuu alipigiwa simu, Dada akaiweka kwa sauti ya juu ili kila mmoja asikie. Akampa Jeki.

"Mwalimu," alisema Jeki, "basi litalala hapa. Breki hazijakamilika, na hata zingekamilika, mimi leo sifai kuzijaribu."

"Unaumwa?" iliuliza sauti ya kike iliyozoea kuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Nimefurahi."

Sauti ikarudia: "Umefurahi."

"Sana, Mwalimu. Nimefurahi mpaka nimeangusha basi lako."

"Bwana fundi," alisema Mwalimu Mkuu baada ya kupumua mara mbili, "nimefundisha miaka ishirini na sita. Nimesikia bibi aliyekufa mara tatu. Nimesikia daftari lililoliwa na mbuzi. Hiki cha leo ni kipya. Kesho nitakuja mwenyewe. Nikilikuta basi halijawa tayari saa sita mchana, linavutwa, linakwenda gereji nyingine, na barua inawafuata."

Akakata. Wote walikuwa wameziba midomo kwa viganja, mabega yakiwatikisika. Dereva alikwenda shuleni kwa miguu, akawapanga watoto ishirini na wanane wawili wawili wakishika kamba moja, akawafikisha kila mmoja mlangoni kwao. Kesho yake alisimulia kwamba waliimba njia nzima, na walipoachana walimuuliza basi litaharibika tena lini.

*

Alhamisi asubuhi Jeki alikuja na buti mbili, zote zake. Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyelala. Dada alimrudishia spana.

Waliliinua basi tena. Safari hii Jeki alisema kwa sauti kila alichokifanya. Ilikuwa aibu kidogo, mtu mzima mwenye miaka ishirini ya ufundi kujisemea kama anayejifunza kuhesabu, na vijana wa duka la jirani walikuja kuchungulia. "Vibao, mbele na nyuma ya tairi. Gia. Breki ya mkono. Ufunguo mfukoni mwangu. Stendi ya kulia. Stendi ya kushoto." Akashusha jeki mpaka uzito ukakaa juu ya chuma. Kisha yeye na Kimya wakalisukuma basi kwa mabega, kwa nguvu zao zote. Halikutikisika.

Kimya akachukua boksi lake. Jeki akamzuia.

"Leo chini naingia mimi. Wewe kanyaga."

Kimya alimtazama, akakubali kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kurudi kwenye hali yake, ingawa chai yake asubuhi ile ililetwa bila sukari.

Waliikagua ngoma iliyoanguka, wakaona ufa mwembamba kama unywele, wakaibadilisha. Wakatoa upepo mpaka mafuta yakatoka bila povu. Saa tano na nusu Mwalimu Mkuu aliingia getini, mwembamba, mrefu, mkoba kwapani, akalikuta basi limesimama juu ya tairi zake zote.

"Limekuwa tayari?"

"Limebaki jaribio la barabarani, Mwalimu. Nimeshalizungusha uani polepole mara tatu."

"Vizuri. Nitakaa nawe mbele." Akaweka mguu kwenye ngazi.

"Samahani, Mwalimu. Gari la majaribio halibebi abiria."

"Basi hili ni la shule yangu."

"Ndiyo maana, Mwalimu."

Watu wa gereji walishika pumzi. Mwalimu Mkuu alibaki na mguu mmoja hewani kwa muda ambao wanafunzi wake wangeuogopa. Kisha akaushusha. Jeki akafunga mkanda, akatoka na basi, akaenda mpaka barabara tupu nyuma ya maghala, akakanyaga breki mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu. Basi lilisimama limenyooka, kama lililoambiwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Pale, peke yake, madirisha yamefungwa, Jeki alipiga kelele za furaha mpaka koo likamkauka. Akatulia, akawasha taa ya pembeni, akarudi.

"Bwana fundi," alisema Mwalimu Mkuu akipokea ufunguo, "na hiyo furaha yako imepona?"

"Bado, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu alijaribu kubana midomo, ikamshinda.

*

Miezi saba baadaye, saa nne asubuhi, simu ya Dada iliita wakati Jeki yuko chini ya gari la kubebea maziwa. Ilikuwa hospitali. Mke wa Jeki, aliyekwenda asubuhi "kuangaliwa tu", alikuwa amejifungua.

"Jeki!" alipiga kelele Dada. "Ameshajifungua! Wote wazima!"

Gari la maziwa halikutikisika. Kutoka chini yake ilisikika nati ikikazwa mpaka mwisho, kisha spana ikiwekwa chini, kisha pua ya mtu anayelia. Jeki akatoka taratibu, akanyoosha mkono akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, ndipo akapiga ukelele uliowatoa watu madukani.

Gereji ilikuwa na magari kumi na moja. Dada aliushika ufunguo wa kwanza, ukamponyoka. Akampa Kimya, Kimya akautazama kama kitu asichokijua, kisha akaanza kuongea, na walijua maana yake. Jeki hakuulizwa hata kidogo. Mafundi wawili na mwenye gereji wakasimama katikati ya magari kumi na moja, hakuna anayefaa kuendesha hata moja, wakaita teksi.

Walikaa watatu kiti cha nyuma. Kwenye mzunguko wa kwanza teksi ilifunga breki, ikalia kwa sauti nyembamba.

"Breki za mbele," alisema Kimya.

"Zimekwisha," alisema Jeki.

"Uje kesho," Dada alimwambia dereva wa teksi. "Leo endesha polepole, na usituulize kitu."

Wodini, mke wa Jeki alikuwa amejilaza, amechoka, anang'aa. Muuguzi alikuja na kifurushi cheupe. "Baba nani?"

Dada na Kimya wakamsukuma Jeki mbele. Muuguzi akanyoosha mikono. "Haya, mshike binti yako."

Jeki aliangalia kile kichwa kidogo. Sakafu ilianza kumzunguka.

"Subiri, Sista," alisema. Akavuta kiti, akakiegemeza ukutani, akakitikisa kwa mikono miwili, hakikutikisika. Akakaa. Akabana mgongo ukutani, nyayo zote mbili zikaikanyaga sakafu, akapangusa viganja kwenye ovaroli, akafungua mikono.

"Sasa," alisema. "Nipe."